Hatua Sita

Picha ya mwisho ya baba ina kasoro moja. Uso umetulia, ndevu zinahesabika, hata alama ya mto inaonekana shavuni. Ila mkono wa kulia, ulioinuka juu ya shuka, umekuwa ukungu mtupu. Mpiga picha yeyote atakwambia mgonjwa alitikisika. Nami ndivyo nilivyojiambia siku ile.

Baba alipiga picha miaka arobaini kwa lenzi moja tu, fupi, isiyovuta. Ukitaka uso wa mtu ujae kwenye picha, unaufuata kwa miguu. Mtaani walimbandika jina la Bwana Sogea, kwa kuwa neno hilo halikumtoka mdomoni kutwa nzima. Aliwaambia maharusi waliosimama kama wamegombana, akawaambia wanafunzi waliopanga foleni ya picha za vitambulisho, na zaidi aliniambia mimi nilipokuwa najifunza kazi kwake. "Sogea, mwanangu. Bado. Sogea tena." Nilisogea mpaka nikasikia pumzi za watu, nikaona haya, nikabonyeza huku nimefumba macho yote mawili.

Nilipoanza kujitegemea nikanunua lenzi ya zoom, nene kama chupa ya chai. Unasimama zako pembeni, unazungusha pete yake, mtu anakuja mwenyewe. Baba aliishika, akaipima uzito mkononi.

"Hii ni ya wapelelezi," alisema.

"Na ya kwako, baba?"

"Mimi zoom yangu hii hapa." Akajipiga goti.

Tukataniana hivyo miaka na miaka, yeye na miguu yake, mimi na pete yangu.

Kisha ugonjwa ukaimaliza ile miguu. Alipolazwa, aliniambia kila mtu amepita mbele ya kamera yake isipokuwa yeye mwenyewe, na hana picha hata moja ya maana. "Nipige moja tu. Njoo na lenzi yangu." Sauti ilikuwa imeanza kumkauka.

Asubuhi ya siku ile nilizipanga lenzi zote mbili mezani. Ya kwake ndiyo iliyofaa na nilijua vizuri. Wodi ilikuwa na giza, na lenzi yake hupokea mwanga mwingi. Yangu ingemtaka atulie tuli. Lakini ya kwake ingenipeleka mpaka ukingoni mwa kitanda. Ningesikia harufu ile ya ugonjwa. Ningeona koo lake linavyohangaika kumeza mate. Nikajitungia sababu za kitaalamu, kwamba vitanda vimebanana, kwamba nitawasumbua wagonjwa wengine, nikaifunga zoom kwenye kamera. Niseme ukweli: niliogopa. Nilimwogopa baba yangu mzazi.

Nilisimama mlangoni mwa wodi. Nikazungusha pete, naye akaja, mkubwa, safi, asiye na harufu. Akaniona. Midomo ikaachana.

"Sogea."

Sauti haikunifikia. Nililisoma neno midomoni mwake, na kwa kuwa nililijua tangu utotoni, nikacheka. Nilidhani ni utani wetu ule ule.

"Hii haina haja ya kusogea, baba. Inavuta."

Akainua mkono. Nikabonyeza. Nikamwahidi kurudi kesho na picha iliyosafishwa, nikaondoka haraka kama mtu aliyeacha sufuria jikoni.

Kesho yake nilikuta kitanda kimetandikwa upya. Muuguzi alinikabidhi miwani ya baba ndani ya bahasha, akanipa pole, kisha akauliza, "Lakini jana mliongea?"

"Kidogo."

"Afadhali. Siku nzima alikuwa ananiambia ana neno la kumwambia binti yake, ila sauti yake haifiki mbali. Nikamwambia subiri, akija atakaa hapa karibu yako."

Nikaitikia kwa kichwa. Picha nilikuwa nayo mkononi, ndani ya fremu, na hapo ndipo nilipoutazama ule mkono vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa ananiita. Kutoka mlangoni hadi kitandani ni hatua sita. Nilizihesabu nilipokwenda kuchukua ndala zake chini ya kitanda.

Zoom niliifungia kabatini. Sasa natumia ya baba, na wateja wengine hurudi nyuma wakiona ninavyowasogelea. Haisaidii kitu. Neno lile ameondoka nalo, na hakuna wa kumuuliza.

Picha ile ipo kwenye kompyuta ya studio. Mteja akichelewa naifungua. Naivuta midomoni, navuta tena, mpaka midomo inakuwa vijisanduku vya kijivu visivyosema chochote. Kisha nairudisha ilivyokuwa, na mkono unabaki umeinuka.