Ngumi Kwenye Paja la Kaka

Ugomvi wa ndugu wawili wa buchani ulianza asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajaingia. Mdogo, ambaye kwa upole wake kila mtu alimwita Kimya, alikuwa akitenganisha nyama na mfupa wa bega. Kaka yake akaingia amefura kwa hasira. Mama yao alikuwa amezikwa juzi tu.

"Umepata usingizi, eh?" kaka alisema. "Hata siku ile Mama alipozidiwa ulilala. Alikupigia mara tisa, simu umezima. Umemuua wewe."

Kimya aliendelea kukata nyama. Kaka akamzaba kofi, akamkaba ukosi, akambamiza ukutani hadi kulabu za nyama zikagongana juu yao. Kofi la pili likampasua mdomo.

"Sema! Sema umemuua!"

Mkono wenye kisu ulikwenda wenyewe. Ndivyo Kimya alivyowaambia polisi baadaye, kisha akajisahihisha: hapana, niliupeleka mimi. Kisu kilizama kwenye paja la kaka. Kilipochomoka, damu iliruka ikapiga vigae, ikatulia kidogo, ikaruka tena, ikifuata mapigo ya moyo. Kaka alijitazama kana kwamba paja si lake. Miguu ikamwisha nguvu, akadondoka kama gunia.

Mke wa kaka alikuwa muuguzi, na katika chumba cha nyuma alikuwa akijiandaa kwenda zamu. Alitoka na kiatu kimoja. Aliona kisu, akaona damu, akamchapa Kimya kibao kikavu, kisha akamvuta chini.

"Shindilia kitambaa humo ndani! Weka ngumi juu, lalia kwa uzito wako wote. Ukilegeza, amekufa."

Akapiga simu kuita gari la wagonjwa. Kaka alinguruma kwa maumivu, akamtwanga Kimya ngumi ya jicho, na nyingine ya pua. Kimya hakuondoa mkono. Damu ya pua yake ikadondokea ile ya kaka.

Punde ngumi zikakoma. Uso wa kaka ukapauka, jasho jembamba likamtoka.

"Shemeji, anapoa! Anakufa!"

"Hajafa. Mwili unajipigania," alisema, vidole vyake vikiwa shingoni mwa mumewe. "Mwili umebana mishipa ya ngozi na ya tumbo, damu iliyobaki iende kwenye ubongo na moyo. Ndiyo maana amepoa. Na moyo unakimbia kufidia kilichomwagika."

"Maji," kaka alinong'ona. "Nipeni maji."

"Usimpe, atafanyiwa upasuaji. Kiu nayo ni mwili unaodai ulichopoteza. Figo zimeanza kubania hata mkojo."

"Kwa hiyo atapona?"

"Mwili unafidia kwa muda tu! Damu ikizidi kutoka, msukumo wake unaanguka ghafla, na hapo sina la kufanya. Nyamaza, kandamiza."

Kaka alifumbua macho, akamtafuta mdogo wake.

"Alinipigia mimi kwanza," alisema. "Mama. Niliiona simu. Sikupokea."

Kimya alihisi hasira ikimpanda upya, kali kuliko ile ya kwanza. Ilitosha kuinua ngumi tu, na hakuna ambaye angejua kama alichoka au alikusudia. Shemeji alimtazama. Kimya akauma mdomo wake uliopasuka, akalala juu ya paja lile kwa kifua chake chote, akilia na kutukana, mpaka gari likafika. Wahudumu walilazimika kumkunjua vidole kimoja kimoja.

Madaktari waliushona mshipa, wakamwongeza damu. Kaka aliishi, ila mguu haukurudi kuwa kama zamani. Mahakamani shemeji alieleza kila kitu, cha kisu na cha ngumi, na Kimya akafungwa miaka mitatu.

Mwezi wa saba wa kifungo hicho, kaka alikwenda gerezani kwa mkongojo, akaketi mbele yake.

"Sijakusamehe," alisema.

"Hata mimi."

Hakuna aliyenyanyuka. Walikaa hivyo, magoti yakikaribia kugusana, mpaka askari alipowaambia muda umekwisha.