Picha ya Mshonaji Akiwa Msalani

Kwa miaka sita mshonaji alikuwa akiingia msalani na kutoka kama alivyoingia, na kwa miaka sita watu walimtibu kwa ushauri. Kula mapapai. Kunywa maji. Punguza mawazo. Mapapai aliyoyala yangetosha kuanzisha shamba. Mawazo, ajabu, hayakupungua. Mwishowe daktari wa upasuaji alimpangia tarehe ya kukatwa kipande cha utumbo, ila kwanza akataka picha.

"Picha ya nini?" aliuliza wifi yake aliyemsindikiza.

"Ya mimi nikienda haja kubwa."

"Ukitoka vizuri, nipe moja niitundike sebuleni."

Katika chumba cha eksirei alijazwa, kwa njia ya nyuma, dawa nyeupe nzito inayoonekana pichani. Kisha akaketishwa juu ya choo cha plastiki kilichoinuliwa mbele ya mashine kama kiti cha mgeni rasmi. Wageni waalikwa nao hawakukosa: wanafunzi watano wa udaktari, kila mmoja na daftari lake, wasije wakasahau.

"Haya mama, sukuma," alisema mpiga picha. "Kama uko nyumbani."

"Nyumbani hatuwi wengi hivi, mwanangu."

Kijana akacheka, halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kwa miaka sita. Aliwatoa wote nje, akafunga mlango, akamfunika magoti kwa shuka na kupunguza taa.

"Nisipofanya hivi sitajua kama nimepiga picha ya ugonjwa au ya aibu," alisema, akaenda nyuma ya kioo. "Chukua muda wako."

Akasukuma kama siku zote: meno yamebanwa, pumzi imezuiwa, kimya. Dawa haikutoka. Basi ndiyo nakatwa, akawaza.

Mpiga picha akarudi, akamgeuzia skrini. "Tazama msuli huu. Ukisukuma unatakiwa ulegee. Wewe unaukaza. Unausukuma mlango huku umeutia komeo. Nani alikufundisha?"

Mwalimu alikuwepo, naye akamsimulia. Alipoolewa, choo kilipakana ukuta na chumba cha baba mkwe, na bibi harusi mwenye adabu hakutakiwa kusikika. Alifaulu vizuri mno.

"Jaribu tena. Safari hii fungua mdomo, legeza taya, toa sauti."

"Sauti gani?"

"Yoyote. Hapa hakuna mkwe," alisema, akarudi nyuma ya kioo.

Alitazama mlango. Nje yake kulikuwa na madaftari matano na wifi mmoja, mwenye mdomo kuliko madaftari yote. Akavuta pumzi, akaachama.

"Haaaa!"

Msuli ukalegea pale pale kwenye skrini. Dawa ikashuka, na makelele yake yote, bila kuomba radhi kwa yeyote.

Mlango ukagongwa. "Wifi! Uko hai?"

"Niache, nina kazi!"

Nyuma ya kioo kijana hakucheka. Alikuwa akiandika: utumbo ni mzima, msuli unafundishika, mazoezi kwanza, kisu kisubiri.