Kalamu Nyekundu Kwenye Kitabu cha Baba

Jamani, kuna mtoto anaweza kukuzeesha asubuhi moja! Baba yangu, mzee Gaudens, yuko njiani anatoka Masasi kuja kutibiwa macho, basi linaingia Mbagala saa saba mchana, na mie ndio kwanza nafungua kitabu chake alichoniachia nakuta wino mwekundu.

"Herieth! Nani kakwambia uchore humu?"

"Sijachora, mama. Nimesahihisha," binti yangu akajibu, macho kwenye simu. Ana miaka kumi na saba, na vitabu vyake vyote vya ufundi anavisomea humo humo.

Eti kasahihisha! Kitabu hicho cha redio baba alipewa na masista wa misheni akiwa kijana. Ni cha Kiingereza, naye Kiingereza alikisoma kwa kupapasa, kwa hiyo pembeni mwa kila ukurasa akaandika Kiswahili chake kwa penseli. Mie redio nimejifunza kwa ile penseli, na ndiyo inayonilisha hapa Keko, kwenye kibanda changu kati ya mafundi seremala.

Sasa penye waya wa ethi, yaani "earth", ule wa kuunganisha redio na ardhi, baba aliandika: "Huu uingie kwenye udongo." Basi akajaza udongo kwenye kopo la maziwa, akaliweka mezani, akachomeka waya humo. Herieth kapiga mstari, kaandika chini yake: "Babu kakosea. Kopo halisaidii kitu. Ni chuma kichimbiwe ardhini, nje."

Na ni kweli. Ndicho kilichoniuma.

Nikafuta kwa kifutio, wino ukagoma. Nikapaka spiriti, karatasi ikaanza kuchanika. Nikakaa, nikasimama, nikamfokea mteja wa watu aliyekuja kuulizia rimoti. Kukificha siwezi, jana kwenye simu mzee kaulizia kitabu kabla hajaniuliza hali. Niliogopa kitu kimoja tu: fundi aliyeheshimika mtaa mzima aje asome kwa mjukuu wake kwamba kazi haijui.

Alipofika, hata chai hakumaliza. Akakisogeza kitabu mpaka puani, akafunua taratibu, akaishia penye wino mwekundu.

"Nani kaandika?"

"Mie, baba. Nisamehe." Yalinitoka tu. Herieth akanikodolea macho.

"Lini?"

"Zamani. Nilipokuwa chuo cha ufundi."

Hapo hapo nikajua nimeharibu. Baba akakilaza kitabu magotini.

"Kumbe ulikuwa unajua. Mie kopo lile ninalo mezani mpaka leo, Yustina. Vijana wanapita wanacheka, nadhani wanaucheka uzee wangu. Kila Krismasi unakuja, unaliona, unakula ubwabwa wangu, unaondoka."

"Baba, ningekwambiaje?"

"Kwa mdomo."

Wino haukuwa wangu, lakini kunyamaza kulikuwa kwangu, miaka ishirini tangu chuo, na nilikuwa nakuita heshima.

"Babu," Herieth akadakia, "mama anadanganya. Nimeandika mie, juzi tu."

Mzee akanigeukia, macho yake mabovu yakinitafuta.

"Kwa hiyo wewe hata hukuandika."

Nilitamani anitukane. Akasogea kwenye benchi, akapigapiga nafasi iliyobaki. "Njoo, mjukuu wangu. Nionyeshe kwingine nilikokosea."

Wakasoma mpaka jioni, wanabishana, wanacheka. Mie hakuna aliyeniuliza kitu.