Mwalimu Aliyemo Kisimani

Fundi cherehani alikuwa akipinda mikono ya gauni la mteja aliposema, bila kuinua kichwa, kwamba jumla ya pembe za pembetatu ni sawa na pembe mraba mbili. Shule aliiacha angali mdogo. Mumewe, fundi mwashi, alikuwa mlangoni akikwangua saruji kwenye mwiko wake. Hakushangaa. Yeye mwenyewe tangu juzi alikuwa akipapasa mifukoni kutafuta ugoro, na ugoro hajapata kuugusa maishani.

"Ni Mwalimu huyo," alisema.

"Ni yeye," mkewe aliitikia, akaendelea kushona.

Mwalimu, mzee mstaafu mpenda ugoro, alikaa nyuma ya ukuta wao. Shimo lake la choo lilikuwa upande ule wa ukuta, kisima chao upande huu, na ya shimoni yalipenya kisimani. Kanuni inataka viwili hivyo vikae mbali, lakini dalali alikuwa amelikata shamba zima vipande vyembamba, kiasi kwamba mtu akilala na kujinyoosha, miguu inaamkia kwa jirani. Ukikwepa shimo la huyu, unaangukia shimo la yule. Kwenye ramani kulikuwa na bomba la maji safi na bomba la maji taka, yote mawili yamechorwa vizuri. Ardhini hapakuwa na hata moja.

Aliyepatwa na Mwalimu zaidi ni binti yao mdogo, waliyemwita Chiriku kwa kupenda kusema. Alianza kuwasahihisha wageni lugha. Kisha Mwalimu akafa kwa ugonjwa wa tumbo, akazikwa mbali, kwao, na Chiriku hakubadilika. Shimo halikuwa limewahi kunyonywa uchafu, kwa hiyo Mwalimu bado alikuwamo.

Mjane wake alipopata habari alikuja na kigoda chake.

"Mke wangu, umekula?" Chiriku alimwuliza kwa sauti nzito.

"Nimekula, Mwalimu."

Wakazungumza habari za paa linalovuja mpaka giza likaingia. Kesho yake mjane akaja tena.

Lakini mtoto alikuwa anakonda. Tumbo lilimwendesha, macho yakaingia ndani. Muuguzi wa zahanati akaagiza maji yachemshwe. Makaa yalitosha maji ya mtoto tu; wakubwa waliendelea kunywa yalivyo. Chiriku akapata nafuu, na Mwalimu akamtoka. Mjane alikaa jioni nzima akimtazama akicheza na vipande vya vitambaa.

"Mama Chiriku," alisema mwishowe, "mpe japo kikombe kimoja kisichochemshwa."

"Ataisha huyu, bibi. Kwa nini usinywe mwenyewe?"

"Nikinywa mimi, atasema kwa kinywa changu. Sasa nani atamjibu?"

Fundi cherehani aliona hilo ni kweli. Akachota kata nzima, akanywa yeye, na tangu hapo ikawa hivyo kila jioni.

Baadaye bwana afya alikuja na dalali kukagua, maana shamba la ng'ambo ya barabara nalo lilikuwa linakatwa viwanja.

"Bomba mlilotuahidi liko wapi?" fundi cherehani alimwuliza dalali.

"Maji ukiyavulia nguo, mama, huna budi kuyaoga."

"Kuyaoga si neno. Sisi tunayanywa."

Akampa bwana afya glasi ya maji ya kisima, kama mgeni anavyopewa. Bwana afya aliimaliza, akamgeukia mjane.

"Mke wangu," alisema, "shimo lile liko karibu mno na kisima cha watu. Siku ya kuchimba nilimwambia dalali. Akasema chimba tu, mzee."

Dalali alitazama simu yake. Bwana afya akapiga mbweu, akarudi kuwa yeye, akaandika kwamba eneo limetimiza masharti ya maji na maji taka, kwani mabomba yamo kwenye ramani. Akashukuru kwa maji, akaenda.

Mwashi alipata kazi huko ng'ambo, kuchimba na kujengea mashimo ya vyoo. Viwanja vya huko vilikuwa vyembamba zaidi. Alipomwonyesha dalali kwamba shimo na kisima vitagusana, dalali alimwambia mafundi wako wengi. Akachimba. Alikunywa maji ya huko huko, na kwa kuwa watu walikuwa hawajahamia bado, jioni alirudi nyumbani akiwa mtu mmoja.

Aliwakuta ndani, mkewe na mjane, wamekaa wakitazamana. Mkewe alibaki mifupa mitupu. Nguo za wateja zilikuwa zimelundikana juu ya cherehani.

"Karibu, kijana," mkewe alimwambia kwa upole. "Unamtafuta nani?"

"Nilikuwa napita tu, Mwalimu."

Akatoka, akakaa ukutani kungoja. Mwanzoni mkewe alikuwa akirejea kuwa yeye upesi, kabla hata mumewe hajavua viatu. Siku hizi alichelewa. Taa za majirani ziliwaka, moja moja, na ndani bado kulikuwa na kicheko cha mzee.

Chiriku akaja kukaa ubavuni mwake.

"Baba, mama atarudi saa ngapi?"

Mwashi akamwambia asipige kelele, Mwalimu anaongea na mkewe.