Udongo Wenye Jina

Bruda Hilari alichota udongo mara tatu, akaujaza kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, kisha akaandika ubavuni kwa rangi nyeupe: ROMANA. Ruhusa aliiomba, ndiyo, lakini kwa namna ile ya watu wa misheni, ya kusalimia huku mkono umeshaingia ardhini.

"Wa nini?" Romana akauliza, jembe likiwa bado begani.

"Wa shule ya kilimo, mama. Padre atawaeleza kanisani."

"Na jina langu la nini?"

"Nisije nikauchanganya na wa wengine." Bruda akacheka, akapanda baiskeli, akaondoka na kopo lake.

Romana hakucheka. Kwao Upimbwe mtoto mdogo anajua kwamba mtu akibeba udongo wa shamba lako, amebeba na mavuno. Utalima, utapalilia, utafukuza ndege mpaka sauti ikauke, na magunia yatajaa kwa mwenzako. Na huyu hakubeba tu, aliandika na jina. Mchawi gani amewahi kutembea na brashi mchana kweupe?

Tena lilikuwepo jambo lisilohitaji mganga kulieleza. Mwaka huo wa tisini na nne Padre Evarist alikuwa amesimamisha kanisa la miti na nyasi, mwendo mfupi kutoka Usevya, na serikali ya kijiji ikaahidi kuipa misheni ekari tatu za shule. Zipi, hakuna aliyesema. Shamba la Romana lilikuwa ekari tatu. Kwenye kona ya juu, nyuma ya mstari wa minyaa, alilala mumewe Shadrack. Akifika hapo Romana huliweka jembe chini, akang'oa magugu kwa mkono, polepole.

"Wanalitaka shamba langu," alimwambia jirani yake Dafrosa wiki tatu baadaye.

"Wewe nawe! Hata wa kwangu wamechukua. Makopo kumi na mawili, yako bandani kwao, na kila moja wamelipanda mahindi. La kwako ndilo limeyashinda yote, Mama Esteria. Majani mapana hivi!"

Dafrosa alidhani anampongeza. Romana alisikia hukumu. Chema chajiuza, wanasema, na kinachojiuza hakikosi mnunuzi.

Jumapili iliyofuata, ringi ya gari iliyofanywa kengele ilipogongwa, kijiji kizima kilielekea kanisani. Romana alizunguka nyuma, akaingia kwenye lile banda lisilo na kufuli. Kwenye pindo la khanga alikuwa amefunga chumvi ya Uvinza ya kupikia wiki nzima. Akaliona kopo lake. Mahindi yalikuwa yamesimama wima, ya kijani kibichi, na ilimuuma kwelikweli, maana tangu azaliwe hajaua mche kwa makusudi. Akakoroga chumvi kwenye kata ya maji, akamimina yote. Kule kanisani Padre alikuwa anasoma matangazo kabla ya misa. Sauti ilimfikia, maneno hayakumfikia.

"Nisamehe," akauambia mche.

Siku ya kumi alimkuta mwenyekiti wa kijiji, Mzee Yotham, akipigilia vigingi shambani mwake kwa jiwe. Bruda Hilari alikuwa amemshikia kamba.

"Mnafanya nini?"

"Pole, Mama Esteria," mwenyekiti akasema. "Shamba lako ndilo lililochaguliwa. Utapewa jingine kule mtoni, ekari kwa ekari, tena lenye rutuba."

"Kwa nini langu?"

"Kwani hukusikia tangazo la Padre?" Bruda akauliza. "Tunatafuta udongo uliochoka kuliko wote. Mtoto akijifunzia kwenye udongo mzuri, amejifunza nini? Tunataka aone namna ya kuufufua. Kopo lako mwanzoni lilikuwa bora, hata sikulifikiria. Halafu ghafla mahindi yake yakakauka yote." Akaikunja kamba mkononi. "Hujui kilicholipata, mama?"

Romana akamtazama usoni, akitafuta mtego. Bruda naye alikuwa akimtazama vilevile.

Kusema kweli mbele ya mwenyekiti? Mwanamke anayeingia banda la watu kwa siri na kitu kwenye pindo la khanga ana jina moja tu kijijini, na wajane wenye jina hilo hawazeeki. Kunyamaza, basi? Kule mtoni ardhi ilikuwa nzuri, kila mtu alijua. Lakini Shadrack hawezi kuhamishwa ekari kwa ekari.

Mwenyekiti alifika kwenye minyaa, akaweka kigingi, akainua jiwe.

"Ngoja," Romana akasema.

Akapita mbele yake, akapiga magoti kandokando ya kaburi, akachota udongo kwa viganja vyote viwili. Akautia kwenye pindo la khanga, lilelile. Akarudi nao mpaka kwa bruda.

"Pima tena. Ule wa kwanza niliutia chumvi."

Jiwe la mwenyekiti likabaki hewani. Bruda aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kisha akakinga mikono yake miwili chini ya khanga.

"Andika na jina langu," Romana akasema. Lakini pindo hakuliachia.