Mazabodi ya Tatu

"Kwa niaba ya Klabu ya Kompyuta, kwa niaba ya wanafunzi wote wapenda maendeleo, na kwa niaba ya vizazi ambavyo bado havijazaliwa," alisema Alfani Likwata mbele ya mstari wa asubuhi, kitambaa cheusi kimefungwa mkononi, "nasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wetu, kompyuta ya klabu, kilichothibitishwa jana alasiri kwa barua kutoka Dar es Salaam. Marehemu ameacha kipanya kimoja, kibodi moja, na—"

"Si alikufa mwezi wa sita?" Antonia aliuliza kutoka mstari wa kidato cha tatu.

"Alifufuka. Amekufa tena."

"Na hicho kitambaa ni soksi yangu!" Amiri akapaza sauti kutoka nyuma.

Shule nzima ikaangua kicheko. Mkuu wa shule alimwonyesha Alfani kidole, kisha akaonyesha chini, na msemaji wa vizazi visivyozaliwa akashuka ngazi akifungua soksi.

Lakini chini ya kicheko kulikuwa na jambo. Jumamosi ilikuwa siku ya wazazi, na mkuu alikwisha tamka: kama siku hiyo kompyuta haitawaka na kuonyesha kazi ya klabu, chumba chao kitawekwa magodoro mapya ya bweni. Kazi yenyewe ilikuwa ramani ya majengo ya kale ya Kivinje; ukibofya jengo, unasikia sauti ya mzee wa mtaa akieleza nani aliishi humo na aligombana na nani. Wanafunzi wanane waliihangaikia mihula miwili. Na Alfani, ambaye vyumba vingine vyote vya shule vilimjua kwa adhabu zake, katika chumba kile alikuwa Mwenyekiti. Watoto wa kidato cha kwanza walimwamkia humo. Nje walimkimbia.

Historia ya ugonjwa ilikuwa fupi. Mazabodi, ule ubao mkubwa ambao kila kitu ndani ya kompyuta huchomekwa juu yake, ilikufa mwezi wa sita. Waranti ilikuwa bado hai, kwa hiyo kompyuta ikapakiwa kwenye basi kwenda Dar kwa waliouza, nao wakaweka mazabodi mpya. Ikarudi, ikafanya kazi siku tisa, ikafa. Ikapakiwa tena. Safari hii ilirudi na barua ya aya moja: ubao una kutu, kutu ni ya upepo wa bahari, na waranti haihusiki na upepo wa bahari.

"Wanawauzia watu wa Kilwa kompyuta," alisema Mwalimu Scholastica, mlezi wa klabu, akiitikisa barua ile kama anafukuza nzi. "Walitegemea upepo wa wapi? Wa Dodoma?"

Jumatano mchana alimchukua Alfani, wakapanda bajaji hadi Kilwa Masoko, sanduku la marehemu likiwa mapajani mwa Mwenyekiti. Walikuwa wanakwenda kwa Fundi Bakari, mwenye duka la kutengeneza kompyuta.

Fundi Bakari alikuwa Mngindo wa Njinjo. Mwalimu Scholastica alikuwa Mngoni wa Songea. Hao ni watani, na kwa watani hakuna kesi.

"Mngoni!" fundi alipiga ukelele walipotokea mlangoni. "Umeua tena?"

"Nyamaza, Mngindo. Nimekuletea kazi, maana najua hujala tangu juzi."

"Shikamoo, fundi," alisema Alfani.

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa kufundishwa na huyu."

Wakaweka sanduku juu ya meza. Fundi alilitazama kwa huzuni kubwa, akachukua kikoi chake kilichoning'inia msumarini, akalifunika, kisha akaketi sakafuni mikono kichwani. "Maiti haifunguliwi hapa mpaka mtani apate haki yake!" Na kabla mwalimu hajajibu, alikwisha nyakua mwavuli wa mtani wake na kuukalia.

Alfani alifurahi sana. Kwao alizoea kuona watani msibani, wanavaa shati la marehemu, wanasema marehemu alikuwa mchoyo, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Lakini hakuwahi kumwona mwalimu wake akinyang'anywa kitu na kucheka. Mwalimu akaukomboa mwavuli kwa chupa ya soda ya tangawizi. Msiba ukaendelea.

Fundi alisikiliza historia ya ugonjwa, akafungua sanduku, akapima umeme wake, akautoa ubao uliokufa, akaweka mezani mazabodi nyingine mbili. Moja ilikuwa mpya, nyeusi, yenye taa pembeni zinazobadilika rangi. Ya pili ilikuwa imetumika, ya kijani, imefifia kama sare ya kidato cha nne.

"Chagua, Mwenyekiti."

Alfani alichagua kwa sekunde moja. Tayari aliwaona wazazi wameingia chumbani, taa zikicheza, mkuu wa shule akifuta machozi.

"Nzuri," alisema fundi. "Sasa chomeka RAM yenu."

Alfani alichukua kijiti cha RAM, kumbukumbu ya kompyuta, akakisogeza kwenye nafasi yake. Kikakataa. Akakigeuza. Kikakataa.

"Tazama pengo lile la chini," fundi alimwonyesha. "Lako liko hapa, la ubao liko pale. Ukilazimisha, unavunja vyote viwili. Na prosesa yenu, ubongo wenyewe, nayo haikai humo. Ukichukua huu wa taa, unanunua kila kitu upya. Kijana, mazabodi ni kama mke: usiangalie hereni, uliza kama ataelewana na mama yako."

"Wewe uliuliza?" mwalimu akamdaka.

"Ndiyo maana nazungumza kwa uchungu."

Ule wa kijani ulipokea kila kitu bila manung'uniko. RAM ilikaa, prosesa ikakaa, matundu ya skrubu yakalingana. Alfani akashusha pumzi. Lakini fundi hakushika bisibisi. Aliugeuzageuza ubao wa zamani kwenye mwanga, uso umebadilika.

"Sasa utani pembeni. Mazabodi mbili kwa miezi miwili, hiyo si bahati mbaya. Na upepo wa bahari hauui kwa siku tisa. Ningekuwa nimefunga duka. Mimi nashuku pawasaplai yenu, hiki kisanduku kinachogawa umeme."

"Si umeipima sasa hivi ikawa sawa?" aliuliza mwalimu.

"Pawasaplai ni kama mgeni mnafiki. Ukimtazama ametulia, ukigeuka anaanza. Siweki mpangaji wa tatu kwenye nyumba inayoua wapangaji, Mngoni. Tuagize nyingine Dar. Jumatatu itakuwa hapa."

"Jumatatu," alirudia mwalimu polepole. Hakuwa anacheka tena. "Siku ya wazazi ni Jumamosi."

"Basi labda atuambie mtu kilichowaua hao wawili."

Alfani aliitazama feni ya dukani. Feni haikumsaidia.

Ukweli ni kwamba alijua. Korosho zikikaa wazi pwani siku mbili zinalegea, na Alfani hakuwa mtu wa kuvumilia korosho zilizolegea. Kwa utafiti wake mwenyewe aligundua kwamba shule nzima ina sehemu moja tu yenye joto kavu, iliyofungwa, ambayo hakuna mwalimu anayeifunua: ndani ya kompyuta. Aliziweka humo juu ya kipande cha gazeti, za kukaanga, za chumvi. Zilibaki zinavunjika kama glasi. Mazabodi ya kwanza ilipokufa alishuku kidogo. Ya pili ilipokufa alishuku sana, lakini barua ikasema ni upepo wa bahari, na Alfani, aliyekuwa mtaalamu wa visingizio, alikitambua kisingizio bora alipokiona.

Sasa alifikiria wenzake saba waliotembea Kivinje nzima na simu zao kurekodi wazee. Alifikiria magodoro.

"Fundi," alisema, "weka tu. Pawasaplai haina kosa."

"Umejuaje?"

"Nimehisi."

"Alfani," alisema mwalimu.

"Ni korosho, mwalimu."

Fundi Bakari aliusogeza ubao wa zamani, akaupitisha kidole kwenye kutu, akakiweka ulimini. Akafikiri.

"Chumvi," alisema. Kisha ikabidi aketi. "Miaka kumi na sita nafungua kompyuta! Nimekuta mende, nimekuta mjusi na mayai yake. Jiko la korosho sijakuta! Mngoni, huyu mtoto nipe, nimwoze binti yangu!"

Mwalimu alijitahidi kununa. Akashindwa, akalia kwa kicheko hadi akavua miwani. Fundi akafunga ubao wa kijani, akasafisha kila plagi kwa brashi, akabonyeza. Feni ya kompyuta ikazunguka. Ukasikika mlio mmoja mfupi, picha ikapanda kwenye skrini ya fundi, na ramani ikafunguka nyumba kwa nyumba. Alfani akabofya jengo la kwanza, na sauti ya mzee wa Kivinje ikajaa duka: "Hapa aliishi mtu mkali sana, lakini mkewe alikuwa mkali zaidi." Wapita njia walisimama mlangoni. Fundi akapiga vigelegele, vibaya, kama mwanamume. Alfani alijikuta anacheza.

"Nina swali moja," alisema mwalimu, akirudisha miwani usoni.

Alfani akaacha kucheza.

"Bwenini korosho haziruhusiwi. Msimu bado. Zilitoka wapi?"

"Mbane, Mngoni!" alisema fundi.

"Mwalimu," Alfani alikohoa, akasimama wima, "suala hilo ni pana, lina sura nyingi, na huenda likahitaji kuundiwa tume ya—"

"Alfani."

"Kwenye kopo lako la maziwa, unamoweka zako," alisema. "Lile la juu ya kabati, ofisini. Mara zote mbili. Na yule panya tuliyemtegea mtego wiki nzima, mwalimu... hakuwapo. Nilikuwa mimi."