Ndoo Nyekundu ya Shangazi

Shangazi yangu hakuwa mtu wa kukurupuka. Dunia nzima ilipohamia filamu za dijitali, yeye alisema tungoje kwanza. Tukangoja hadi mikanda ikakoma kuletwa, ndipo akanunua projekta mpya huku amenuna. Kwenye sauti ndiyo usiseme. Ukumbi wetu wa sinema ulikuwa na spika moja nyuma ya skrini, kubwa kama kabati, iliyofungwa na marehemu mume wake, na aliyeisema vibaya alikiona cha mtema kuni.

Mimi ni fundi wa sauti, na kwa ubishi simwachii. Miaka nenda miaka rudi nilimsihi tufunge spika za pembeni na za nyuma, sauti imzunguke mtazamaji.

"Mtu anaongea mbele, sauti initokee mgongoni?" alinijibu. "Hayo ni mashetani, mwanangu."

Watazamaji wakazidi kutuhama. Muuza magodoro akaanza kupitapita, akiupima ukumbi kwa macho; alitaka uwe ghala lake. Mwishowe Shangazi alichoka kunisikia. Niazime spika hizo, akasema, tuonyeshe filamu moja Jumamosi mchana. Zisipomgusa, ukumbi anamwachia wa magodoro. Mimi nimekulia kwenye ukumbi ule, na usingizi ulinipaa.

Jambo jingine, paa letu lilikuwa linavuja. Mvua ikianza hakuna aliyesubiri kuambiwa: kila mfanyakazi alichukua ndoo yake na kukimbilia sehemu yake, gizani, bila kumkanyaga mteja. Mkata tiketi alikwenda safu ya mbele, mfagiaji karibu na mlango, na Shangazi, na ndoo yake nyekundu, kwenye nguzo ya kushoto.

Jumamosi hiyo jua lilikuwa kali. Shangazi alikaa nyuma kabisa, mikono kifuani, uso umefungwa. Magari ya kwenye filamu yakanguruma kutoka ukuta huu hadi ule, watu wakageuza shingo, yeye hakugeuza yake. Nikajua yamekwisha.

Kisha kwenye filamu mama mmoja akafunga dirisha, na mvua ikaanza. Ilianzia nyuma, matone machache, halafu ikajaa kuta zote. Mkata tiketi akanipita mbio na ndoo. Mfagiaji akafuata. Nikageuka kumtazama Shangazi, nikakuta kiti kitupu.

Alikuwa kwenye nguzo, ndoo mikononi, uso juu, akingoja tone. Tone halikuja. Kwenye skrini mvua ikakatika, na ukumbini ikakatika. Akaitazama ndoo. Akamtazama mkata tiketi, naye kashika yake vilevile. Watazamaji walikuwa wameshaelewa. Kicheko kilianzia safu ya nyuma, kikazunguka ukumbi mzima, kikaishia kwenye makofi.

Shangazi akanijia. Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, wala sioni haya kusema. Tulikuwa tumeshinda, na alijua.

"Yule wa magodoro mwambie atafute pengine," akasema. "Halafu niitie fundi wa paa, haraka."

"Haraka, Shangazi? Si tungoje kwanza?"

"Tungoje nini, na wewe? Ikinyesha ya kweli, nitaijuaje?"